Mashine ya Kufulia Inapoonyesha Msimbo wa Hitilafu

Herufi na tarakimu zinazojitokeza kwenye mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele hutaja mahali kazi ilipokwama. Si lazima mashine iwe imeharibika. Kabla ya kumlipa fundi, tunamshauri mtumiaji asome kijitabu chake, kwa kuwa kila kampuni ina misimbo yake.

Maji hayaingii (IE kwa LG; 4C au 4E kwa Samsung). Kwa kaya ya Kikwe inayotumia tangi, pima kimo kwanza. Maji yaliyo mita 3 juu ya mashine hutoa msukumo wa takriban baa 0.3, ilhali mashine nyingi huhitaji 0.5 au zaidi. Kisha funga koki, fungua mpira wa maji, usafishe kichujio kilichomo, mchanga hukiziba.

Maji hayatoki (OE kwa LG; 5C au 5E kwa Samsung). Chomoa plagi, acha maji yapoe, tega beseni, kisha fungua taratibu kichujio cha pampu kilicho chini, upande wa mbele. Ondoa sarafu, vifungo na nyuzi.

Msimbo ukirejea, acha kuitumia mashine. Ikiwa ingali ndani ya dhamana, usimruhusu fundi asiyeidhinishwa kuifungua, kwani waweza kupoteza haki ya matengenezo ya bure. Andika msimbo na tarehe, uvipeleke kwa muuzaji pamoja na risiti. Akikataa kutimiza dhamana, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.