SOMO LA ROBO HII: ANDIKO LA JIRANI SI ANDIKO LETU



Ndugu wanakamati wa maendeleo wa parokia, na ndugu wafadhili, robo hii hatutazungumzia ufugaji wa kuku wala vikoba. Tunaleta somo ambalo tumelichelewesha kwa sababu linatugusa hata sisi wa ofisini. Ni juu ya namna tunavyotumia maandishi, takwimu na picha za watu wengine, hasa wakati huu ambapo kila mwanakamati mwenye simu ya mkononi anaweza kuvipata kwa dakika moja.

Tuanze na yaliyotupata. Mwaka 2019 dawati letu la miradi lilipokea maandiko mawili ya kuomba visima, kutoka parokia mbili zilizo katika wilaya tofauti. La kwanza tulilisoma Jumatatu tukaliweka upande wa yanayofaa. La pili tulilisoma Alhamisi, na kabla hatujamaliza ukurasa wa kwanza mwenzetu mmoja akasema, "Hili mbona tumeshalisoma?" Utangulizi ulikuwa uleule. Akina mama wa vijiji vyote viwili walitembea kilomita 7 kufuata maji. Watoto walioharisha walikuwa idadi ileile. Katika ukurasa wa tano mwandishi alisahau kubadilisha jina la kijiji, hivyo parokia ya pili ikawa inaomba kisima kichimbwe kwa wenzao.

Hatukutaka kumwaibisha mtu. Tulimpigia simu katibu wa kamati, naye hakubisha. Alieleza kwamba tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia, kwamba andiko lile alilipata kwenye flashi siku ya semina, na kwamba majina yalibadilishwa na kijana wa stesheneri aliyelichapa. Kisha akauliza swali ambalo tumelisikia mara nyingi: "Lakini shida ya maji si ni ileile?"

Haikuwa ileile. Tulikwenda tukakaa na wanakijiji chini ya mwembe, wanawake kwa wanaume, tukawaomba watueleze wenyewe. Kumbe kijiji kilikuwa na kisima cha pampu ya mkono, na hata nyumba ya mbali kabisa haikufika kilomita 2 kutoka hapo. Pampu ilikuwa imekufa zaidi ya mwaka mzima. Kamati ya maji ilikuwa imevunjika baada ya ugomvi wa fedha za michango, na hakuna aliyejua vipuri vinauzwa wapi. Mama mmoja alituambia kuwa hajawahi kuulizwa lolote juu ya maji, na kwamba angeulizwa angesema kitu kimoja tu: daftari la michango lisomwe hadharani.

Andiko lile lingepita, tungechimba kisima cha pili kando ya cha kwanza, na ugomvi uleule ungekiua nacho. Kilichohitajika kilikuwa vipuri, fundi wa kuwafundisha vijana wawili, na daftari ambalo kila kaya ingeweza kulikagua. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya fedha zilizokuwa zimeombwa.

Wengi wetu tukisikia habari ya kunakili tunamfikiria yule aliyeandika kwanza. Ni kweli anakosewa, na amri ya saba inamhusu. Lakini katika kazi yetu anayekosewa zaidi ni yule mama ambaye hakuulizwa. Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 23 aya ya 30, Mungu anawakemea manabii wanaoibiana maneno. Tukisoma sura nzima tunaona kwa nini jambo hilo lilikuwa zito: watu walikuwa wanapewa ujumbe usiowahusu, wakaridhika nao, huku hatari yao halisi haisemwi. Mfano mwema tunaupata kwa Mwinjili Luka, katika aya nne za mwanzo wa Injili yake. Anakiri wazi kwamba wengine wamekwisha kuandika kabla yake na kwamba habari zimetoka kwa walioshuhudia. Kisha anasema naye amefuatilia mwenyewe kwa makini. Mwanakamati akifanya hayo mawili, kutaja alikochukua na kwenda kuona mwenyewe, amemaliza sehemu kubwa ya somo hili.

Upande wa sheria tutasema kwa kifupi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Maandishi, nyimbo na picha vinalindwa tangu vinapotengenezwa, hata kama mwenyewe hakuvisajili popote, na kwa kawaida ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwaya zinazorudufu nyimbo za kwaya nyingine na kuziuza mnadani zikumbuke hilo. Wazo lenyewe halilindwi. Parokia jirani ikifuga nyuki, nanyi mnaweza kufuga nyuki. Msichoweza ni kuchukua kurasa zao na kutia saini yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki hizo.

Tusielewe vibaya tukadhani kila kitu kimefungiwa. Zahanati zetu nyingi zinakifahamu kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari. Kilianzia katika kazi ya afya vijijini kwenye milima ya magharibi mwa Mexico, kikatoka kwanza kwa Kihispania, na kwa Kiingereza mwaka 1977. Mwandishi na wachapishaji wake waliruhusu sehemu zake zinakiliwe, hata zibadilishwe zifae mazingira ya watu, bila kuomba kibali, mradi tu zisambazwe bure au kwa gharama ya uchapaji na si kwa faida. Kwa njia hiyo michoro yake imefika kwenye kuta za kliniki ambazo Werner mwenyewe hatazijua kamwe. Tangu mwaka 2002 zipo pia leseni za Creative Commons, ambazo humwezesha mwandishi kutangaza mapema nini kinaruhusiwa na nini hapana. Kwa hiyo kabla ya kunakili, someni kurasa za mwanzo za kitabu. Mara nyingi ruhusa imekwisha kuandikwa pale, na kinachotakiwa ni kumtaja mwenye kazi.

Kuhusu picha, tunakiri kosa letu wenyewe. Mwaka 2012 tulitoa kalenda yenye picha ya mtoto anayekunywa maji bombani, ambayo tuliichukua kwenye intaneti. Mfadhili wetu mmoja, mzee wa miaka mingi, alituandikia kwa upole akisema picha hiyo ameiona kwenye kipeperushi cha shirika jingine, juu ya nchi nyingine. Aliuliza kama visima vyetu navyo ni vya kweli. Barua ile ilituuma. Tulimwomba radhi, tukamtafuta mpiga picha tukamlipa, na tangu hapo hatutumii picha ambayo hatujui ni ya nani.

Hata picha tulizopiga wenyewe zina mwenyewe, yaani aliyepigwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inahesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya mgonjwa kitandani ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hakuna awezaye kuirudisha.

Siku hizi pia tunapokea maandiko yaliyotungwa na programu za akili mnemba. Yana lugha laini sana, na kijiji kinachoelezwa humo hakipo. Hatukatazi kuitumia kunyoosha sentensi. Takwimu zitoke kijijini.

Ndugu wafadhili, mtuvumilie tukisema na ninyi pia. Fomu ya kurasa 25 kwa Kiingereza, yenye muda wa wiki tatu, humsukuma katibu wa kujitolea kuelekea kwenye flashi ya jirani. Baadhi yenu mmekubali kupokea kurasa nne kwa Kiswahili pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Tunawashukuru, na tunawaomba wengine walifikirie.

Kuanzia awamu ijayo, kila andiko liambatishwe muhtasari huo wenye tarehe na orodha ya waliohudhuria, na penye takwimu pasemwe nani alihesabu na lini. Mkisaidiwa na andiko la parokia nyingine, semeni. Hatutalikataa kwa sababu hiyo.

Katika kikao chenu kijacho, chukueni andiko lenu la mwisho mlisome kwa sauti. Ni sentensi zipi ambazo mtu wa kijijini kwenu angezitambua kuwa ni zake? Ni nani hakuulizwa? Na picha iliyo kwenye jalada, aliyepigwa anajua kwamba ipo hapo?