Injini Ndogo ya Mini na Mafuta Yake

Mkulima aliye na pampu ya maji au kinu cha posho anaijua tayari kazi ya injini ya petroli. Pistoni huvuta hewa na petroli, huzibana, plagi hutoa cheche, moto huisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa nje. Injini ya motokaa ndogo haina siri nyingine, ila silinda zake ni nne, nazo huwaka kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, halafu ya pili. Nyaya za plagi zikirudishwa bila kufuata zamu hiyo, injini itatatarika na kukataa kwenda.

Leo tutatazama injini moja tu, ile ya motokaa ya zamani ya Mini iliyotoka Uingereza. Mtu anunuaye motokaa kuukuu ya namna hii ili apeleke mayai na mboga sokoni aweza kuitumia miaka mingi, au aweza kuiua kwa msimu mmoja. Mara nyingi jambo linaloamua ni mafuta.

Kwanza yafaa kujua jinsi ilivyozaliwa, maana udhaifu wake umetoka huko. Mwaka 1956 vita vya Mfereji wa Suez vilifanya petroli iwe haba Uingereza, hata ikagawiwa kwa kuponi. Mkuu wa kampuni ya BMC, Leonard Lord, akamwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze motokaa ndogo sana ya watu wanne, tena atumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo. Injini hiyo ilikuwa imeanza katika Austin A30 mwaka 1951. Issigonis aliilaza kwa ubavu, akaweka giaboksi chini yake, ndani ya sampu, yaani lile tangi la chini la mafuta. Hivyo motokaa nzima ikawa na urefu wa futi 10 hivi tu. Ilitolewa Agosti 1959, na injini yake ilikuwa ya sentimeta za ujazo 848, nguvu za farasi 34.

Katika motokaa nyingi giaboksi ina mafuta yake. Hata Morris Minor, iliyotiwa injini ya jamii hiyo tangu 1952, ina mafuta ya injini mbali na ya gia mbali. Katika Mini mafuta ni yale yale. Hulainisha pistoni na krenkishafti, halafu husagwa baina ya meno ya gia kama mahindi kinuni. Meno hayo huyachosha mafuta upesi na kuyatia unga wa chuma. Basi mtu asemaye, "Gari langu ni dogo, mafuta yatangoja," amepiga hesabu kinyume.

Pima mafuta asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa. Futa kijiti, kirudishe hadi mwisho, kitoe tena, utazame kama mafuta yamo kati ya alama mbili. Badilisha mafuta pamoja na chujio kila maili 3,000, yaani kilometa 4,800 hivi, na mapema zaidi ikiwa barabara yako ni ya vumbi. Yataka karibu lita 5 za mafuta ya namba 20W-50. Usitie mafuta mazito ya gia kwa kuwa tu giaboksi imo humo.

Kizibo cha kumwagia mafuta kina sumaku. Usikifute kabla ya kukitazama! Utando laini wa kijivu ni jambo la kawaida. Lakini ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, gia au beringi inavunjika. Usitie mafuta mapya ukaendelea na safari, bali mwite fundi. Kizibo hicho husema kweli kuliko muuzaji yeyote wa gari.

Sasa mvua. Katika magari ya kwanza ya majaribio kabureta ilikuwa mbele, nayo ikawa inashika barafu kwa baridi ya Ulaya. Injini ikageuzwa, na distributa ndiyo ikawa mbele, nyuma kidogo tu ya wavu wa kupitishia hewa. Maji ya dimbwi yakiruka humo, gari huzima papo hapo. Fungua kifuniko cha distributa, kikaushe kwa kitambaa safi ndani na nje, na nyaya vilevile. Watu wengi wamesukuma gari hadi kwa fundi kwa kasoro ambayo kitambaa kingeiondoa.

Jambo la petroli lataka uangalifu. Zamani petroli ilitiwa risasi, na masalio yake yalikinga viti vya valvu za kutolea moshi. Kenya iliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa motokaa, ilimaliza mwaka 2021. Ni vema imekwisha, kwa sababu risasi hudhuru akili za watoto. Lakini viti vya zamani vya injini hii, visipokingwa, hulika, valvu huzama, na nafasi yake huziba. Nafasi hiyo ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Ukiona kila ukipima imepungua tena, mwambie fundi atie viti vigumu vya chuma kabla valvu haijaungua.

Usisahau mpira mfupi wa maji ulio kati ya kichwa cha injini na pampu. Ni mdogo kama kidole gumba, ni mgumu kufikiwa, na ukipasuka maji yote huenda. Kila kichwa kinapofunguliwa, tia mpya.

Ukienda kununua, omba uikute injini ikiwa baridi. Moshi wa samawati unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima ni mafuta yanayopenya kwenye valvu au ringi. Gia ikichomoka yenyewe, kumbuka kwamba haifikiwi mpaka injini nzima itolewe garini, kwa hiyo bei ipunguzwe kabla hujatoa fedha.