Keki ya Bibi kwa Kikaango

Leo tujifunze keki ya ndizi na karoti, ile ambayo bibi humrithisha mjukuu jikoni bila karatasi.

Ponda ndizi 3 mbivu. Zilizoanza kuwa nyeusi ganda usizitupe, ndizo tamu zaidi. Sukari si lazima. Kwangua karoti 2. Changanya na mayai 2, mafuta nusu kikombe, unga wa ngano vikombe 2 na bekingi pauda vijiko vidogo 2. Karoti hujenga vitamini A mwilini, inayolinda macho ya watoto, na mafuta huusaidia mwili kuipokea.

Pakaza mafuta kwenye kikaango kizito, mimina, funika kwa bati. Weka makaa machache chini, mengi juu ya bati. Hapa wengi hukosea: moto ukizidi chini, keki huungua na ndani ni mbichi. Baada ya nusu saa hivi chomeka kijiti; kikitoka kikavu, ipua.

Lakini okea nje! Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Usiingize jiko chumbani kuota moto, hata kama kuna baridi kali. Makaa yaliyobaki yamwagie maji huko huko nje.