Somo la Mwezi Huu: Mfunze Punda Wako Kutembea kwa Utulivu

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kombewa aliyenunua punda dume wa miaka minne, amsaidie kuteka maji ziwani na kupeleka mahindi sokoni. Punda huyo alikuwa na nguvu, lakini kila alipotandikwa aliondoka mbio, kichwa juu, mitungi ikigongana na maji yakimwagika njia nzima. Siku moja alimburura mtoto aliyeshika kamba mpaka ukingoni mwa barabara ya lami. Jirani mmoja akasema achapwe zaidi. Mwingine akasema auzwe kwa wachinjaji.

Mkulima akaenda kwa Afisa wa Mifugo. "Bwana daktari, punda wangu ana wazimu."

"Mzee, umemtazama mgongo?" akaulizwa.

Gunia lilipoinuliwa, kidonda kikaonekana. Punda hakuwa na wazimu. Alikuwa akikimbia maumivu yaliyofungwa mgongoni pake.

Wakulima, punda si mnyama wa kutupa. Katika hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009, Kenya ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8; katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa kama milioni 1.2 tu. Wengi walichinjwa kwa ajili ya ngozi, na wengine waliibwa bomani usiku. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo ya ngozi. Basi aliye na punda amtunze, maana kupata mwingine si rahisi.

Kwa nini punda hukimbia? Farasi akiogopa hutoroka mara moja. Punda mara nyingi husimama kwanza, atazame, afikiri; ndiyo maana watu humwita mkaidi. Basi punda anayekimbia kila anapotandikwa ana sababu. Fimbo haiondoi sababu hiyo, bali huongeza hofu, na punda hasahau upesi mahali alipoumizwa. Fuata hatua hizi.

1. Tafuta maumivu kwanza. Pitisha mkono mgongoni, mabegani, chini ya mkia na pale mkanda wa tumboni unapokaa. Tazama kwato na kinywa. Usimfunge waya kinywani. Hatamu ya kamba laini yatosha. Akiwa na kidonda, usimtandike mpaka kipone. Kisha tengeneza matandiko ya mito miwili iliyojazwa nyasi kavu, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo ubaki katikati bila kuguswa.

2. Anza bila mzigo. Asubuhi na jioni, kwa dakika 15, tembea naye ukiwa karibu na bega lake. Akianza kuharakisha, usivutane naye, kwa sababu atakushinda. Mgeuze katika duara dogo, kisha simama naye kimya. Mara anapopunguza mwendo au kushusha kichwa, legeza kamba papo hapo. Kamba inayolegea ndiyo mshahara wake. Ukichelewa kuilegeza, hatajua amelipwa kwa kazi gani.

3. Jifunze kusoma mwili wake. Punda mwenye hofu huinua kichwa, hubana mkia, huonyesha weupe wa macho na kukaza midomo. Punda aliyetulia hushusha shingo, masikio yake hulegea, hupumua kwa nguvu puani, hulamba midomo na kutafuna ingawa hana chakula. Usipande hatua nyingine kabla ya kuona dalili hizi za utulivu.

4. Mzoeze matandiko. Mwache ayanuse. Mpanguse nayo shingoni na mgongoni. Yaweke, yaondoe, yaweke tena. Ukiyaondoa angali ametulia, atajifunza kwamba utulivu ndio unaoyaondoa. Kaza mkanda kidogo kidogo, ukitembea naye hatua chache kati ya kukaza na kukaza.

5. Ongeza mzigo polepole. Usianze na mtungi uliojaa nusu, maana maji huchezacheza ndani na sauti yake humtisha. Anza na vifuko vya mchanga vya kilo 5 kila upande, pande zote mbili zikiwa sawa. Mzigo wote, pamoja na matandiko, usizidi theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150 abebe kilo 50 tu. Mitungi miwili ya lita 20 yatosha, na minne ni kumvunja mgongo. Punda aliye chini ya miaka mitatu asibebe kitu. Tena kumbukeni kwamba kumbebesha mnyama kupita kiasi ni kosa katika Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

6. Mpe mwalimu. Sisi tunajua kwamba maksai mgeni hufungwa nira pamoja na maksai mzee aliyezoea plau. Fanya vivyo hivyo hapa: mtangulize punda mzee mpole, na mgeni afuate nyuma. Anzeni kwenye njia ya shambani. Barabara ya magari na pikipiki ije mwisho.

7. Ukitaka apandwe, subiri. Apandwe na mtu mwepesi tu, baada ya kubeba mizigo kwa utulivu siku nyingi. Mpandaji akae katikati, alegeze miguu, asimpige kwa visigino. Mwenzake amwongoze kwa kamba chini. Punda huisikia hofu ya mtu aliye mgongoni.

Kazi hii huchukua majuma kadhaa. Kuna siku atarudi nyuma. Nawe rudi hatua moja, usikasirike. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Mkulima wetu alingoja kidonda kipone, akaanza upya na kamba tupu. Siku hizi punda wake hupanda kutoka ziwani kichwa kikiwa chini, na maji hufika nyumbani yote.

Nanyi mlio katika mashamba ya makazi, kama vile Muhoroni na Bonde la Lambwe, somo ni lile lile.

Maswali ya kujikumbusha:

Je, leo umeutazama mgongo wa punda wako kabla ya kumtandika?

Unalegeza kamba wakati gani?

Mzigo wa jana ulikuwa kilo ngapi?