Istilahi na Utendaji: Dhana ya "Ubora wa Huduma" katika Mitandao Isiyotumia Waya

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano baina ya istilahi na dhana katika uwanja mmoja wa teknolojia ya mawasiliano: mipangilio ya "ubora wa huduma" katika mitandao isiyotumia waya, na athari yake kwa kiasi cha data kinachopita. Hoja kuu ni kwamba jina hilo, ambalo ni tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza, linamwelekeza msomaji kwenye dhana isiyo sahihi. Mipangilio hiyo haiongezi uwezo wa mtandao. Kazi yake ni kuugawa. Fundi asiyeitambua tofauti hii anaweza kuupunguza upitishaji wa data huku akidhani kwamba anauongeza.

2.0 Tatizo la "kasi" na "ubora"

Katika matumizi ya kila siku, neno "kasi" hubebeshwa dhana tatu. Ya kwanza ni uwezo wa kiungo, yaani kiwango cha juu kabisa kinachotajwa na mtengenezaji. Ya pili ni upitishaji, yaani kiasi cha data kinachomfikia mpokeaji kwa sekunde. Ya tatu ni uchelewaji, yaani muda unaotumiwa na pakiti moja kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Dhana hizi hazilingani. Pikipiki inayopeleka barua moja kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro yaweza kulitangulia lori la magunia mia tatu ya unga. Hata hivyo, lori ndilo lililopitisha mzigo mkubwa zaidi. Mazungumzo ya simu yanahitaji pikipiki. Upakuaji wa faili kubwa unahitaji lori.

Nomino "ubora" nayo ina tatizo lake. Imeundwa kwa kukipachika kiambishi u- kwenye kivumishi "bora", na katika kirai "ubora wa huduma" haionyeshi ni nani anayehudumiwa vizuri zaidi, wala ni nani anayesubirishwa ili jambo hilo liwezekane. Msafara wa kiongozi unapopishwa barabarani, barabara haijapanuliwa. Magari mengine yamesimamishwa. Hicho ndicho kiini cha dhana inayojadiliwa hapa.

3.0 Jinsi mipangilio inavyofanya kazi

Katika mtandao wa Wi-Fi, vifaa vyote vinavyotumia chaneli moja hushindania hewa ileile. Kila kifaa husikiliza kwanza. Chaneli ikiwa kimya, husubiri muda maalumu, kisha huongeza nafasi kadhaa za kusubiri zinazochaguliwa kwa bahati nasibu. Kiwango cha IEEE 802.11e, kilichoidhinishwa mwaka 2005, kiliigawa data katika makundi manne: sauti, video, data ya kawaida na data ya chinichini. Sehemu yake kuu ilikwisha kuanza kutumika mwaka 2004 kupitia mpango wa Wi-Fi Alliance uitwao WMM.

Tofauti ya makundi hayo ni ya muda wa kusubiri. Katika masafa ya gigahezi 5, kwa thamani za kawaida za vifaa vya watumiaji, sauti husubiri maikrosekunde 34 kabla ya kuhesabu nafasi za nasibu, data ya kawaida 43, na data ya chinichini 79. Nafasi moja ni maikrosekunde 9. Katika jaribio la kwanza, sauti huchagua namba kati ya 0 na 3, ilhali data ya kawaida huchagua kati ya 0 na 15. Kwa wastani, basi, sauti husubiri jumla ya maikrosekunde 47.5 na data ya kawaida 110.5. Kwa hiyo, sauti hutangulia mara nyingi, lakini si mara zote. Kipaumbele hiki ni cha uwezekano, si cha amri.

4.0 Athari kwa upitishaji

Athari za mipangilio hii zinaweza kuainishwa katika mafungu matatu.

Kwanza, kuizima hakurejeshi uwezo "uliofichwa". Katika vifaa vya kiwango cha 802.11n, kilichoidhinishwa mwaka 2009, viwango vya juu vya urushaji huambatana na WMM. Ikizimwa, vifaa vingi hurudi kwenye ukomo wa zamani wa megabiti 54 kwa sekunde, hata pale ambapo kiungo kingeweza kufikia 300. Upitishaji halisi huwa chini zaidi ya ukomo huo, kwa kuwa sehemu ya muda hutumika katika kusubiri na kuthibitisha mapokezi.

Pili, kuipa data yote kipaumbele cha juu ni sawa na kutokuipa yoyote, tena kwa hasara. Kundi la sauti lina namba nne tu za kuchagua mwanzoni. Vifaa vitano vinaposhindana, ni lazima angalau viwili vichague namba moja. Namba hiyo ikiwa ndiyo ndogo kuliko zote, fremu hugongana na hewa hupotea bure.

Tatu, ruta nyingi humtaka msimamizi ataje uwezo wa laini inayotoka nje. Akiandika megabiti 10 ilhali laini ina 40, ruta hujifunga kwenye 10. Akiandika zaidi ya uwezo wa kweli, foleni huhamia upande wa mtoa huduma, ambako vipaumbele vya ruta havina nguvu. Katika hali ya kwanza upitishaji hupungua; katika ya pili uchelewaji hubaki palepale.

5.0 Mapendekezo ya istilahi

Vigezo vya PEGITOSCA, vinavyotumiwa na wanaistilahi wa Kiswahili, vinasisitiza pamoja na mengine usahihi na uangavu. Kwa kuzingatia vigezo hivyo viwili, inapendekezwa kwamba "ubora wa huduma" ibaki kuwa istilahi ya matokeo yanayopimwa: uchelewaji, upotevu wa pakiti na upitishaji. Mipangilio yenyewe iitwe "mpangilio wa vipaumbele", jina linalobainisha kwamba kuna anayetangulia na anayesubiri. Istilahi "upitishaji", iliyojengwa juu ya mzizi -pit- na kiambishi cha utendeshi -ish-, itumike badala ya "kasi" pale inapokusudiwa data iliyopita kweli.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba kosa la istilahi laweza kuwa kosa la utendaji. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kuna kitufe cha "ubora" atakibonyeza, na mtandao ukizorota atakizima. Katika hali zote mbili hatajua alichokitenda. Anayefundishwa kwamba anapanga vipaumbele atalazimika kujiuliza kwanza ni nani atakayesubiri. Kazi ya mwanaistilahi, basi, haiishii katika kupata kisawe cha neno la kigeni. Inamlazimu aichunguze kwanza dhana yenyewe inavyotenda kazi.