Niliyojifunza Wodini Kigali, Mwaka wa Marburg

Tarehe 27 Septemba 2024, Wizara ya Afya ya Rwanda ilipotangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg, sisi wauguzi wa Kigali tulikuwa tumeshaanza kunong'ona: mbona wanaougua ni wenzetu? Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, wagonjwa walikuwa 66 na vifo 15. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya.

1. Kinga haisubiri jina la ugonjwa

Mgonjwa wa kwanza alikuja kubainika kuwa kijana mchimba madini, na chanzo kilikuwa popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Lakini mtu akiletwa na homa, kichwa kinamuuma na anatapika, nani huku kwetu hafikirii malaria kwanza? Majibu ya maabara hutoka baadaye, na kabla hayajatoka mgonjwa ameshatundikiwa dripu, amefutwa matapishi, amegeuzwa kitandani. Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji mengine ya mwili. Basi glovu huvaliwa kwa sababu kuna damu. Jina la ugonjwa litajulikana baadaye.

2. Glovu nayo hubeba uchafu

Hili ndilo linalonikera mpaka leo. Muuguzi makini kabisa anabadilisha dripu, ananyoosha shuka, simu inaita mfukoni, anaipokea kwa glovu zilezile, kisha huyo kitanda cha pili! Yeye amejikinga, wa kitanda cha pili amekingwa na nani? Glovu hubadilishwa kila mgonjwa, na zikivuliwa mikono husafishwa: kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni 40 hadi 60. Daktari Ignaz Semmelweis alipigania usafi huu wa mikono kule Vienna mwaka 1847, vifo vya akina mama waliojifungua vikapungua, na bado madaktari wenzake wengi walimpinga. Ubishi huo haujaisha wodini.

3. Kuvua kuna hatari zaidi kuliko kuvaa

Wakati wa kuvaa mavazi ya kinga kila kitu ni safi na akili imetulia. Wakati wa kuvua umechoka, jasho linakuingia machoni, na mkono unataka kupanda usoni wenyewe. Kwa hiyo tulivua mbele ya msimamizi aliyetaja kila hatua kwa sauti: kunja upande wa nje uingie ndani, takasa mikono, subiri, endelea. Hakuna cheo hapo, hata daktari bingwa huambiwa "simama."

4. Mhudumu mwenye homa abaki nyumbani

Dalili za Marburg zinaweza kuchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, kwa hiyo homa ya leo huenda imetoka kwa mgonjwa uliyemgusa wiki kadhaa zilizopita. Kujikaza kazini si ushujaa.

5. Ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya wodi

Wageni walipozuiwa hospitalini watu walilalamika sana, na niliwaelewa, ingawa niliunga mkono zuio. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayemlisha mgonjwa, kumwogesha na kumfulia nguo. Anagusa kila tunachogusa, ila yeye hakuna aliyemfundisha. Dakika chache za kumwonyesha jinsi ya kunawa na mahali pa kutupa taka zingepaswa kuwa kazi ya kwanza siku ya kulazwa.

Nawe unayeuguza mtu wako, muuguzi akikaribia kitanda mwombe kwa heshima anawe kwanza. Akinuna, mwombe tena.