Fonti Inapobadilishwa

Mwalimu wa Ujiji aandikapo mtihani katika kompyuta na kuupeleka Kigoma mjini ukachapwe, huenda kompyuta ya huko haina fonti, yaani sura ya herufi, aliyoitumia. Hapo huwekwa nyingine. Herufi zake zikiwa pana zaidi, mistari huhama, na swali hutengana na mchoro wake. Basi mbadala ulingane kwa upana: Liberation Serif ya mwaka 2007 ina upana ule ule wa Times New Roman ya mwaka 1932.

Tena, katika baadhi ya fonti, “1 l” ya maji ya Ziwa Tanganyika husomeka 11. Ndiyo sababu mwaka 1979 mkutano mkuu wa kimataifa wa mizani na vipimo uliruhusu L pia iwe alama ya lita. Wanafunzi, linganisheni 1, l na I kabla ya kuchapa.